Namba Nne

Kipande kilifika Mbarara Jumanne
ndani ya pamba, ndani ya kopo la vidonge,
kipana kama ukucha wa kidole gumba.
Wolframu. Upande mmoja unang'aa,
wa pili umekwajuka pale utegili ulipouramba
saa tatu mfululizo, huko ng'ambo, katika mtambo
unaojaribu kuiga tumbo la jua.
Barua ilikuwa na mstari mmoja: tuambie kimebaki kiasi gani.

Nakiweka tanurini, navuta hewa yote nje,
pampu ikicheua kama ng'ombe aliyelala,
napandisha moto digrii moja kila sekunde
na kuitazama sindano ya namba nne.
Maana hidrojeni nzito hutoka wawili wawili,
wameshikana mikono; uzito wao pamoja ni nne.

Digrii mia moja, kimya.
Mia mbili, sindano inatikisika.
Mia tatu na kitu inapanda, inakuwa mlima,
inashuka, halafu kilima cha pili, kifupi,
kama Mgahinga ubavuni mwa Muhavura.

Metali hii haipendi hidrojeni. Wengi hawalijui hilo.
Ingekuwa nzima, bila kasoro,
wageni wangepita tu, wakaenda zao.
Majeraha ndiyo yanayokaribisha:
pale atomi moja iling'olewa pakabaki pengo,
pale safu za fuwele zilipoteguka,
pale punje na punje zinapopakana bila kuelewana.
Pengo moja hupakata hata watano.
Wa kwanza hushikwa kwa nguvu zote,
wa mwisho hukaa mlangoni; joto kidogo, kaondoka.
Mimi ni kifungua mimba. Naelewa.

Baba alichimba wolframu Kirwa, milimani Kisoro.
Sebakunzi, wa shimo namba nne.
Nyundo, patasi, taa ya kabidi,
jiwe jeusi, dogo machoni, zito mkononi,
aliloliuza kwa kilo kwa watu wasiotaja majina.
Hakujua linakwenda wapi. Alidhani ni kwa balbu,
na kwetu hatukuwa na balbu.
Jioni alijikung'uta nje, akanawa, akala viazi,
akakohoa.
Vumbi la shati mama alilifua.
Daktari wa Mutolere aliinua picha dirishani:
mapafu yamejaa nyota nyeupe, ndogo ndogo.
Hizi hazitoki, akasema.
Mama akauliza: hata kwa kufukiza?

Sifananishi. Pafu si fuwele,
na mimi hulipwa kwa kupima, si kwa kufananisha.
Lakini ng'ambo nao wanaogopa kinachoingia kisitoke:
tritiamu, yule ndugu wa tatu, mwenye mionzi,
akijibanza ukutani, gramu juu ya gramu,
mpaka ukuta wenyewe unakuwa ghala
ambalo fundi hathubutu kuligusa.
Tena ni adimu, ndiye kuni za moto wenyewe;
anayefichwa ukutani amepotea jikoni.
Miaka kumi na miwili na ushei, nusu yake hufa.
Baba alikohoa kumi na mmoja.

Digrii mia tano na sita, umeme ukakatika.

Pampu ikanyamaza katikati ya kucheua.
Sindano ikalala. Tanuri likaanza kupoa gizani,
likitoa mlio mdogo, ti, ti,
na ndani yake wale ambao hawajatoka
wakarudi kukaa, kila mmoja na pengo lake.

Turyasingura, mlinzi, akaja na tochi.
Daktari, kimetoka?
Kimetoka.
Chote?

Nikachukua daftari, naye akanimulikia.
Tarehe, saa, joto la mwisho.
Kwenye safu ya kiasi kilichobaki nilianza kuandika sifuri,
mkono ukasita, nikaikata.
Nikaandika: hakijulikani.
Turyasingura akasoma begani kwangu, polepole, kwa sauti,
kisha akaenda kutafuta mafuta ya jenereta.